Gurudumu Jipya kwa Motokaa Kuukuu: Zikumbuke Nati za Ndani

Leo tuzungumze habari ya magurudumu. Najua wengine watasema, "Gazeti la jamaa lina haja gani na nati na bolti? Hayo ni mambo ya gereji." Ngojeni kidogo. Baba mwenye motokaa ndiye awapelekaye watoto shuleni na mgonjwa hospitali. Mama ndiye apakiaye magunia ya mpunga, kisha akaketi juu ya magunia hayo na mtoto mgongoni. Gurudumu likichomoka njiani, halichagui fundi na asiye fundi. Basi, habari hii ni yetu sote.

MZEE ASIYETAKA KUSTAAFU

Katika bonde letu la Kilombero zipo motokaa zilizokula chumvi nyingi. Simama siku ya soko hapa Ifakara, penye pilikapilika za bajaji, pikipiki na malori ya mchele. Mara utaisikia inakuja, inanguruma kama mzee anayesafisha koo: Land Rover ya zamani, rangi imepauka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, na nyuma imejaa magunia, kuku na watu.

Motokaa hiyo ni ya ukoo wenye historia. Ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Mfululizo wa Pili ulitoka 1958, na wa Tatu ulianza 1971 ukaendelea hadi 1985. Ya mwisho katika ukoo huo, iliyoitwa Defender, ilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, Januari 2016. Kwa miaka mingi misheni, hospitali, idara za serikali na wakulima wakubwa walizitumia kufika mahali ambapo barabara ilikuwa ni jina tu. Mwili wake ni wa aluminiamu, kwa hiyo kutu haiuli upesi. Chesisi ikioza, fundi huikata na kuichomelea. Injini ikichoka, huwekwa nyingine. Ndiyo sababu mpaka leo zingalimo barabarani.

Lakini magurudumu yake yana taabu. Rimu nyingi za zamani ziliunganishwa kwa riveti, hazizuii upepo, na bila mpira wa ndani haziendi. Zikikaa katika matope yetu mwaka baada ya mwaka huliwa na kutu, hupinda, hata hupata nyufa penye matundu ya nati. Huku nyuma, rimu za Toyota zimejaa kila mji. Ukipita Morogoro au Dar es Salaam utazikuta zimepangwa kama sufuria dukani, pamoja na matairi yasiyohitaji mpira wa ndani. Mwenye Land Rover akiziona, moyo humtamani. Akizijaribu kwenye motokaa yake, haziingii. Ndipo rafiki humnong'oneza: "Weka adapta tu, bwana. Ni kazi ya saa moja."

ADAPTA NI KITU GANI?

Ukiondoa gurudumu utaona habu, na juu yake zimesimama bolti ambazo mafundi huziita stadi. Land Rover ya zamani inazo tano kila gurudumu. Rimu ina matundu ya kuzipokea. Kama matundu hayalingani na stadi, kwa idadi au kwa nafasi, rimu haikai.

Adapta ni bamba nene la chuma au aluminiamu linalowekwa katikati. Lina matundu ya kupokea stadi za habu, na lina stadi zake lenyewe kwa ajili ya rimu ngeni. Kwanza fundi hulifunga bamba kwenye habu kwa nati za kwanza. Kisha huweka rimu juu ya bamba na kuifunga kwa nati za pili. Basi gurudumu lililoshikwa kwa fungu moja la nati sasa limeshikwa kwa mafungu mawili.

Hapo ndipo penye siri ya mambo yote, nami naomba mpakumbuke mpaka mwisho wa habari hii. Fungu la pili liko nje, kila mtu analiona. Fungu la kwanza limefichwa nyuma ya rimu. Huwezi kulikaza wala kulitazama mpaka uweke jeki na kuliondoa gurudumu zima.

YALIYOTUPATA NJIA YA LUPIRO

Niliyajua hayo si kwa kusoma kitabu, bali kwa kuketi ndani ya motokaa ya namna hiyo. Ilikuwa ni wakati wa mvua, miaka michache baada ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018. Daraja hilo lina urefu wa mita 384, na wale waliokuwa wakivuka Mto Kilombero kwa kivuko wanajua lilivyotuondolea hofu nyingi. Nilikuwa upande wa Lupiro, narudi Ifakara. Jirani mmoja alinipa nafasi katika Land Rover yake. Nyuma tulikuwa watu saba na magunia manne ya mpunga, tena lumbesa, siyo magunia ya kawaida. Mbele aliketi mama mmoja mja mzito pamoja na mamake mdogo. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu alfajiri, nao walikuwa wanakwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Dereva alikuwa mtu mwangalifu. Kabla hatujaondoka nilimwona akizunguka na spana, akakaza nati za kila gurudumu moja moja. Magurudumu yalikuwa mapya, ya matundu sita, yanapendeza. Aliniambia kwa furaha kwamba fundi mmoja amemtengenezea adapta kwa bei nafuu kuliko rimu za asili.

Tulipokaribia daraja tukasikia kugonga upande wa nyuma: ko, ko, ko. Kijana mmoja akasema ni jeki inayogonga bati. Dereva akasema ni mashimo ya barabara. Kugonga kukawa kwa haraka zaidi, kisha motokaa ikainama upande kama mtu aliyekanyaga shimo gizani, na gurudumu letu wenyewe likatupita kwa mbio likaingia katika majani. Kwa huruma ya Mungu tulikuwa tunakwenda polepole kwa sababu ya utelezi. Tulipigwa pigwa na magunia, lakini hakuna aliyevunjika. Mama yule alihamishiwa kwenye bajaji iliyokuwa ikipita, akafika hospitali, na usiku ule alijifungua mtoto wa kiume. Lau ingalikuwa juu ya daraja, au tunashuka mlima wa Mahenge, leo ningekuwa naandika habari nyingine, au nisingeandika kabisa.

Tulipolitafuta gurudumu katika majani tukastaajabu. Nati sita za nje zilikuwa zimekaza kabisa, haikulegea hata moja. Bamba lilikuwa limeng'ang'ania rimu kama kupe. Lakini yale matundu matano ya ndani yalikuwa yamepanuka kama mayai, na kwenye habu zilibaki stadi mbili zilizokwaruzika na visiki vitatu vilivyokatika. Dereva alikuwa akikaza kila asubuhi nati za nje, kumbe za ndani zilikuwa zinalegea siku baada ya siku, wala hakuna aliyezitazama tangu siku fundi alipozifunga.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Sasa tuseme na wewe una motokaa kuukuu na unataka magurudumu ya kisasa. Usianze na fedha, anza na rula. Kipimo cha kwanza ni mduara wa matundu, yaani duara linalopita katikati ya matundu yote.

Rimu ya matundu sita ni rahisi. Pima kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha tundu linalolikabili. Kwa Hilux ya kuvuta magurudumu manne na kwa Prado utapata milimita 139.7. Rimu ya matundu matano haina tundu linalokabili jingine moja kwa moja. Hapo pima kutoka tundu moja hadi la jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Land Rover ya zamani itakupa milimita 97. Zidisha, utapata 165 hivi. Kipimo chake kamili ni 165.1, ambacho ni inchi sita na nusu za Waingereza. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotoka tangu 1999, zile ziitwazo "mkonga", zina matundu matano pia, lakini ukipima utapata milimita 88 kati ya jirani na jirani, na mduara wa 150. Kwa macho zinafanana na za Land Rover, lakini kwa rula ni mbalimbali. Volkswagen ya zamani yenye mgongo wa kobe ina matundu matano kwenye mduara mkubwa zaidi, milimita 205.

Ukiona shida kupata kitovu cha tundu, pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jirani yake. Jibu ni lile lile.

Kipimo cha pili ni tundu kubwa la katikati ya rimu, ambalo habu huingia. Rimu isipopita kwenye habu, au ikipwaya sana, mambo hayatakuwa sawa. Kipimo cha tatu ni kina cha rimu, yaani gurudumu linaingia ndani kiasi gani au linatoka nje kiasi gani. Hicho ndicho huamua kama tairi litasugua springi au bodi unapokata kona.

Usidanganywe na mtu atakayekuambia, "Tupanue matundu kidogo kwa tupa, yataingia." Tundu lililopanuliwa halishiki tena, linacheza. Na kinachocheza, mwisho hukatika.

TANO KWA TANO, NA TANO KWA SITA

Watu wengi hudhani adapta ni adapta, zote sawa. Sivyo. Chukua kalamu na karatasi, tuchore pamoja.

Chora duara la stadi tano za Land Rover, la upana wa 165. Ndani yake chora duara la 150 la mkonga, na stadi tano. Ukilizungusha duara la pili kidogo, kila stadi mpya itaingia katikati ya nafasi kati ya mbili za zamani, mbali kiasi cha milimita 49 kutoka kitovu hadi kitovu. Nafasi inatosha, chuma kinabaki cha kutosha, na kila nati inapata makao yake.

Sasa jaribu stadi tano kwa sita. Duara la sita ni la 139.7. Lizungushe utakavyo, kulia au kushoto, kamwe hutazikwepa. Tano na sita hazigawanyiki pamoja vizuri. Daima kutakuwa na stadi mpya inayokuja karibu na tundu la zamani, na hata ukitafuta nafasi nzuri kuliko zote, vitovu vyake havitaachana kwa zaidi ya milimita 15 hivi. Kumbuka kwamba stadi yenyewe ina unene wake, na nati ina unene zaidi, na spana inataka nafasi ya kuizunguka. Chuma kinachobaki katikati ni chembamba kama ganda.

Ndiyo sababu bamba la kugeuza tano kuwa sita linataka unene mkubwa na ufundi wa hali ya juu. Bamba jembamba lililotobolewa kwa drili ya mkono kando ya barabara, na stadi zikachomelewa kwa umeme, ni mtego. Joto la kuchomelea huharibu ugumu wa stadi, na kwa macho huwezi kuona. Bamba la motokaa iliyotuangusha lilikuwa la namna hiyo hasa.

TAFUTA NDUGU KWANZA

Kabla ya kutafuta daraja, uliza kama kweli kuna mto. Land Rover za ukoo ule wa kwanza, tangu 1948 hadi Defender ya mwisho ya 2016, zilihifadhi mduara ule ule wa 165.1. Range Rover za kwanza, zilizotoka 1970, na Discovery ya kwanza, iliyotoka 1989, nazo zina mduara huo huo. Maana yake, mwenye motokaa ya mwaka 1965 aweza kuweka rimu ya Defender isiyohitaji mpira wa ndani, bila adapta yoyote. Atazame tu kina cha rimu, urefu wa stadi na aina ya nati, na azungushe usukani mpaka mwisho kulia na kushoto ili aone kama tairi linagusa.

Jirani yangu hakuyajua hayo. Rimu nne za Defender zilizotumika zingemgharimu zaidi siku ile, lakini zisingemgharimu motokaa. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: usipoutafuta ufa kwanza, waweza kujenga ukuta mahali pasipohitaji.

UZITO HAUPUNGUI

Jambo jingine ambalo adapta hufanya kimya kimya ni kulisukuma gurudumu nje. Bamba la milimita 30 hutoa gurudumu nje milimita 30 kila upande. Wengine hufurahi, kwa maana motokaa husimama kama beberu aliyetanua miguu, na haipinduki upesi. Lakini beringi za habu hazifurahi.

Fikiri mtu abebaye ndoo ya maji. Akiishika karibu na mwili, huenda nayo mbali. Akinyoosha mkono, ndoo ile ile humchosha kabla ya kufika hatua kumi. Ndoo haikuongezeka uzito, bali imekaa mbali. Tuseme gurudumu moja limebeba kilo 500. Ukilisukuma nje milimita 30, unaongeza mzigo wa kupinda sawa na kutundika kilo 15 kwenye ncha ya nondo yenye urefu wa mita moja. Mzigo huo haulali usiku. Kila shimo la barabara huuzidisha, na juu yake weka lumbesa nne na watu saba.

Tazama na tairi pia. Pembeni pake pana namba ndogo inayoonyesha uzito linaoweza kubeba. Namba 112 ni kilo 1120, namba 100 ni kilo 800, na namba 91 ni kilo 615 tu. Tairi la motokaa ndogo ya mjini, hata likiingia vizuri, si la kubebea mpunga. Tena angalia kimo. Tairi la 235/85 la inchi 16 lina kimo cha milimita 806 hivi, na lile la 265/65 la inchi 17 lina 776. Ukiweka la pili badala ya la kwanza, motokaa itashuka kwa sentimita moja na nusu, na mshale wa mwendo utaonyesha zaidi kidogo ya mwendo wako wa kweli.

SOMO LA KIDATU

Hapa bondeni kwetu tunalo fundisho kubwa la magurudumu, nalo liko Kidatu, mwanzo wa ile barabara ya yapata kilometa 67 itufikishayo Ifakara. Reli ya Kati, iliyojengwa tangu wakati wa Wajerumani, ina upana wa milimita 1000 kati ya chuma na chuma. Tawi lake lilifika Kidatu katika miaka ya 1960. Kisha ikaja TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, ikapita bonde letu na kituo chake kikawekwa Ifakara. Upana wake ni milimita 1067. Tofauti ni milimita 67, kama vidole vinne vya mkono. Lakini kwa vidole vinne hivyo, behewa la reli moja halikuweza kupanda reli ya pili.

Wakubwa na mainjinia wao walifanya nini? Hawakutafuta hila ya kulazimisha gurudumu la huku liende kule. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikajengwa Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hili hadi behewa lile. Ni kazi, ni gharama, ni jasho. Lakini mzigo hufika. Wakati mwingine njia ya busara ni kukubali kwamba vitu viwili havikuumbwa kukaa pamoja, kisha kufanya kazi ya ziada kwa uaminifu.

MAMBO YA KUSHIKA

Hata hivyo sisemi kwamba adapta ni dhambi. Iliyotengenezwa vizuri, na kufungwa vizuri, na kuangaliwa, hufanya kazi. Mwenye kuitumia ashike haya:

1. Nunua au kereza bamba zima la chuma kigumu au aluminiamu ya nguvu, lililofanyiwa kazi kwenye mashini ya kukereza. Likatae bamba lenye stadi za kuchomelewa, na zikatae wosha zilizopangwa moja juu ya nyingine ili kujaza nafasi.

2. Bamba likae barabara katikati ya habu, na rimu ikae barabara katikati ya bamba. Lisipokaa katikati, usukani utatetemeka, na mtetemeko hulegeza nati.

3. Safisha nyuso zote kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Usiweke bamba juu ya kutu, rangi au matope. Kitu laini kilichobanwa leo kitasagika kesho, na nati itabaki bila kazi.

4. Hesabu mizunguko ya nati. Nati ishike uzi wa kutosha, angalau kiasi cha unene wa stadi yenyewe. Inayoshika mizunguko mitatu au minne tu haijashika.

5. Nati ifanane na tundu. Tundu lenye umbo la koni linataka nati ya koni. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota zinataka nati yenye wosha bapa. Ukizibadilisha, utadhani umekaza, kumbe hujakaza.

6. Stadi za habu zisijitokeze mbele ya bamba zikaisukuma rimu. Rimu isipolala bapa juu ya bamba, kazi yote ni bure.

7. Kaza kwa kuruka, moja hapa na nyingine ng'ambo, kwa spana yenye kipimo. Usipande juu ya spana kwa miguu miwili, kwa maana stadi iliyovutwa mno imekwisha kufa.

8. Baada ya kilometa 50 hadi 100 za kwanza, ondoa kila gurudumu na ukaze tena nati za ndani. Baadaye fanya hivyo kwa ratiba, na kila mara baada ya kuvuka maji mengi au kukwama katika matope. Andika tarehe ukutani pa banda la motokaa, kama mama aandikavyo siku ya kliniki ya mtoto.

9. Ukisikia kugonga, au usukani ukitetemeka, simama. Usiseme ni jeki. Usiseme ni mashimo. Shuka, utazame.

10. Mwonyeshe mkaguzi wa magari wa polisi kazi hiyo, wala usimfiche. Anayeficha jambo kwa mkaguzi, analificha pia kwa abiria.

Na wewe usiye na motokaa, bali unayepanda ya mwenzio, una haki ya kuuliza. Ukiona magurudumu mapya yamesimama nje ya bodi ya motokaa kuukuu, muulize dereva kwa adabu: "Ndugu, za ndani ulizikaza lini?" Akijibu kwa tarehe, panda. Akicheka, ngoja bajaji.

KIRAKA NA VAZI

Bwana wetu aliwapa wasikilizaji wake mfano wa mtu anayeshona kiraka kipya juu ya vazi kuukuu. Kiraka hujivuta, na tundu huwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Najua mfano ule una maana kubwa kuliko magurudumu. Lakini mkulima na mshonaji walioketi mbele yake waliuelewa mara moja, kwa sababu walikuwa wameyaona hayo majumbani mwao. Sisi wa Kilombero tumeyaona barabarani.

Jirani yangu sasa anatumia rimu za Defender, nne na moja ya akiba. Zimekwaruzika, hazing'ai kama zile za kwanza. Bamba la zamani amelitundika kwa waya mlangoni pa banda lake. Nilipomwuliza kwa nini asiliuze kwa wanunua vyuma chakavu, alisema anataka wanawe walione kabla ya kujifunza kuendesha. Kisha akanionyesha yale matundu matano yaliyopanuka, akapitisha kidole ndani yake, akasema, "Kila asubuhi nilikuwa nakaza, bwana. Nilikuwa nakaza zile nilizoziona."

Na yule mtoto aliyezaliwa usiku ule? Yu mzima. Juzi nilimwona sokoni, amekaa juu ya gunia la mpunga, analisukuma kwa kijiti gurudumu la kigari chake cha mabati. Gurudumu likachomoka. Akaliokota, akaligeuza, akatazama upande wa ndani kabla ya kulirudisha.